Tulianzia Getini

Viti nilivipanga tisa, nusu duara, na chupa ya maji chini ya kila kimoja. Ukutani nilibandika karatasi kubwa yenye swali ambalo usiku uliopita nililiona la maana sana: "Sanaa ni ya nani?" Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kikao cha kwanza cha kamati yetu ya vijana, kwenye ukumbi wa sanaa ninakofanya kazi. Saa nne na nusu viti vilikuwa bado vitupu. Nikajisemea moyoni yale maneno ambayo watu wazima hujisemea kuhusu vijana. Saa tano kasorobo nikapiga simu.

"Dada, sisi tupo hapa nje tangu saa tatu na nusu. Mlinzi katuambia leo hakuna shughuli."

Nikatoka mbio. Walikuwa saba, wamekaa kwenye ukingo wa mtaro ng'ambo ya geti, wanagawana mihogo ya kukaanga iliyofungwa kwenye gazeti. Wawili walishakata tamaa, wamepanda daladala kurudi Mbagala. Mlinzi alikuwa amesimama na daftari la wageni kwapani, na ukimsikiliza humlaumu. Hakuna aliyemwambia. Barua pepe ya kikao ilikwenda kwa mkurugenzi, kwa mhasibu, kwa mfadhili, na nakala kwa watu ambao hata siwajui, lakini anayeshika komeo hana anwani ya barua pepe. Isitoshe, kwa miaka minne aliyokaa pale alishajifunza kwa macho yake kwamba wanaoingia mle ndani huja na magari.

Ukumbi wenyewe sitautaja. Bado unanilipa mshahara, na kwa kweli ungeweza kuwa wowote kati ya kumbi za sanaa ninazozijua hapa Dar es Salaam. Ila mpango niliouandika nitautaja, maana aibu yake ni yangu. Kwenye andiko la mradi nilitumia maneno "ushirikishwaji wa vijana" mara kumi na nne, nimeyahesabu baadaye. Mpango ulikuwa Jumamosi sita, fulana zenye nembo, picha ya pamoja mbele ya ukuta mzuri, kisha ripoti. Vijana wangetoa maoni, tungeyaandika kwa kalamu za rangi kwenye karatasi kubwa, halafu karatasi tungezikunja tukaziweka stoo. Aliyewahi kufanya kazi za miradi anaijua stoo ninayoisema.

Bahati nzuri kwangu, kulikuwa na maneno mapya ya kunukuu. Agosti 2022, huko Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilipitisha maana mpya ya neno makumbusho. Maana hiyo inataka makumbusho yawe wazi kwa umma, yafikike, yawe jumuishi, na yaendeshwe kwa ushiriki wa jamii. Niliyaweka ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito. Hayakufika getini.

Siku ile swali langu la ukutani hatukuligusa. Binti mmoja wa Temeke, ana miaka kumi na tisa, anajifunza cherehani kwa mama yake mdogo, ndiye aliyeanza.

"Dada, hapa mnamwamkia nani?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba kwa muda waliokaa mtaroni alihesabu magari kumi na moja. Gari linapiga honi, mzee anafungua, kioo hakishuki, linapita. "Yule ni rika la babu yangu. Sasa kama yeye haamkiwi, mimi nitasalimiwa na nani?"

Mwenzake akadakia na daftari la wageni. Lina safu tano: jina, taasisi unayotoka, cheo, namba ya gari, sahihi. Kijana anayeuza vocha Tandika aandike taasisi gani? Tulipokwenda kulitazama tulikuta mmoja wao, pale kwenye taasisi, ameandika "nyumbani". Kwenye cheo ameandika "mtoto wa pili".

Tulicheka mpaka machozi, na daftari lile tulilibadilisha wiki hiyo hiyo. Ndilo jambo la kwanza kamati ilifanya, na lilitugharimu rula na kalamu.

Nikiwa kwenye mwendokasi narudi nyumbani nikamkumbuka George Lilanga. Ninapowaongoza wageni huwa sikosi kisa chake: Mmakonde aliyezaliwa Masasi mwaka 1934, akaja Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo alichokianzisha mtawa wa Maryknoll, Sister Jean Pruitt. Lilanga akapatiwa kazi pale, kazi ya ulinzi wa usiku. Baadaye wakaona vinyago alivyokuwa akichonga, wakamwingiza ndani. Alipofariki mwaka 2005, mashetani aliyoyachonga na kuyachora, yenye masikio mapana na matumbo yaliyotokeza, yalikuwa yameshazunguka Ulaya, Marekani na Japani. Wageni hukipenda kisa hiki. Hufungua macho, wengine hupiga picha. Nimekisimulia labda mara mia, na hata siku moja sikuwahi kugeuza shingo kumtazama mlinzi wetu.

Kwa hiyo Jumamosi ya pili, vijana walipodai mzee aingie akae nasi nusu saa na mwenzake ashike geti, nilikubali haraka. Nakiri nilikuwa nangoja Lilanga mwingine. Hakutokea. Mzee ni mtu wa Songea, hajawahi kuchonga hata mwiko, na vinyago anaviona vitu vya kutisha watoto. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani. Wakamuuliza: usiku ukiwa peke yako humu, kazi ipi unaitazama zaidi?

Akanyoosha kidole kwenye picha moja kubwa karibu na ngazi.

"Kwa nini ile, mzee?"

"Pale ndipo penye soketi. Nachaji simu."

Baada ya kicheko kutulia akaongeza, kama mtu anayesema jambo lisilo na uzito: "Ila ukikaa nayo mpaka saa saba usiku, yule mama wa kushoto hayupo sokoni. Anasubiri mtu."

Picha ile inaonyesha soko. Maelezo yake yalisema inaonyesha shamrashamra za maisha ya kila siku. Nilisogea. Wanawake wote wana kitu mkononi, nyanya, noti, mtoto. Yule wa kushoto mikono mitupu, kapu lake limefudikizwa, macho yanatoka nje kabisa ya fremu. Miaka mitatu nimekuwa nikipita na wageni mbele yake nikisema "shamrashamra".

Hapo ndipo vijana waliposhika kalamu. Maelezo yetu ya ukutani yalikuwa kwa Kiingereza juu, herufi kubwa, na chini yake Kiswahili chembamba kilichofasiriwa na mtu aliyekuwa na haraka. Picha ya rangi ya mafuta iliandikwa "mafuta juu ya turubai". Kijana wa bodaboda akauliza, turubai lipi, la msiba? Ukweli ni kwamba hapa mjini ukitaja turubai watu wanaona viti vya plastiki na sufuria la pilau. Tukahangaika na neno hilo siku nzima, mwisho tukaandika "rangi ya mafuta kwenye kitambaa cha kuchorea", basi. Kulikuwa pia na kazi tatu zilizoandikwa "Haina jina". Binti wa cherehani akasema kwao mtoto akikaa siku saba bila jina, majirani wanaanza kuulizana. Tuliacha hivyo hivyo, kwa kuwa msanii mwenyewe ndivyo alivyotaka, lakini tuliongeza karatasi na penseli pembeni: wewe ungeiitaje? Majina yaliyokuja mengine siwezi kuyaandika hapa.

Walijiwekea kipimo chao. Kila maelezo mapya husomwa kwa sauti mbele ya mama ntilie aliye ng'ambo ya barabara. Akiuliza "ndiyo nini?", yanarudi kuandikwa upya. Walipomsomea kuhusu Edward Saidi Tingatinga, kwamba alianza kuchora mwaka 1968, kwamba alitumia rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vipande vya silingibodi, kwamba aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 alipodhaniwa mhalifu, mama aliendelea kugeuza maandazi yake kimya. Kisha akauliza: "Alikuwa anauzia wapi?" Pembeni mwa Morogoro Stores, Oysterbay, wateja wake wengi Wazungu. "Kumbe machinga," akasema mama.

Neno likaingia kwenye maelezo: "Alikuwa machinga wa picha." Msimamizi wetu wa maonyesho akapandisha presha. Kwake neno lile linamshusha msanii. Vijana wakasema linampandisha machinga. Ubishi ulichukua wiki mbili, na nisiwe mnafiki, msimamizi hakukosea kila kitu. Katika kurahisisha, vijana walikuwa wamefuta miaka, ukubwa wa picha na namna kazi ilivyotufikia, mambo ambayo mtafiti atayahitaji hata kama mama ntilie hayahitaji. Yakarudishwa, herufi ndogo, chini. Machinga akabaki juu.

Jambo la vinyago lilinigusa zaidi kuliko yote. Katika kamati alikuwamo kijana asiyeona, anayesomea ualimu. Kikao cha tatu alikuwa ametulia mno. Nikamuuliza kama kuna tatizo. "Hakuna tatizo, dada. Nyinyi mnaongelea picha, mimi nasikiliza redio." Alikuwa na haki ya kukasirika kuliko alivyokasirika. Humo ndani kila kitu kina kamba na kibao cha "Usiguse", na mimi nilikuwa nimemwalika, nikamlipia nauli, nikampiga picha ya ripoti.

Hofu ya kugusa si upuuzi. Jasho na mafuta ya mikono huharibu, na kinyago kilichopita mikononi mwa watoto wa shule elfu kumi hakibaki kama kilivyokuwa. Lakini mti si karatasi. Anayechonga ujamaa, ule mnara wa watu wanaobebana kutoka gogo moja, hukigeuza mapajani kwa miezi, hukipitisha msasa, hukipapasa kujua wapi bado pana ukali. Mchongaji mmoja pale Mwenge aliwaambia vijana kwamba kumaliza kazi anakujua kwa kiganja. Tukaomba vinyago vinne kutoka stoo ambavyo havikuwa na thamani kubwa kwenye vitabu, tukanawa mikono, tukamkalisha kijana wetu mezani.

Alianza chini. Vidole vikapanda taratibu. "Huyu amebeba wawili... huyu ana mtoto mgongoni... huyu hapa amegeuka, kwa nini amegeuka?" Alihesabu vichwa kumi na vinne. Kadi yetu ya kumbukumbu ilisema kumi na vitatu. Tukahesabu mara tatu wenye macho. Kumi na vinne. Wa mwisho amejificha kwapani mwa mwanamke, hauonekani uso wake mpaka ukilaze kinyago.

Alipofika kwenye kinyago cha tatu akakiinua, akakipima mkononi, akakinusa. "Huu si mpingo."

Msimamizi akasema ni mpingo, imeandikwa.

"Babu yangu ana bakora ya mpingo. Mpingo mzito, ukiugonga unalia kama chuma. Huu mwepesi, na umepakwa kiwi. Hamsikii harufu ya viatu vya shule?"

Kiwi peke yake si ushahidi, hata mpingo halisi hung'arishwa kwa kiwi. Lakini uzito haudanganyi. Tulikwangua kidogo chini ya kitako, ndani pakatokea mti mweupe kama mhogo. Kinyago kile kilikuwa stoo miaka ishirini na kitu na jina la mpingo, kimehesabiwa na wakaguzi, hakuna aliyewahi kukishika kwa makini kwa sababu wote tulikuwa tukikiona.

Siku hizi meza ile ipo kila Jumapili. Nitafika kwenye Jumapili.

Kuna mambo nitayapitia haraka kwa kuwa hayana ubishi. Nauli: kijana wa Mbagala kwenda na kurudi, na chakula cha mchana, ni pesa. Ukisema kamati ni ya kujitolea umeshachagua wenye wazazi wa kuwapa. Wenzetu waliotangulia wanalijua hili. Walker Art Center ya Minneapolis ina baraza lake la vijana tangu 1996, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Houston tangu 1999. Mwaka 2015 makumbusho hayo mawili, pamoja na Whitney ya New York na MOCA ya Los Angeles, yalitoa utafiti uliowarudia watu wazima waliopita humo wakiwa vijana, na wengi walikuwa bado wanaingia makumbusho kama mtu anayeingia kwao. Mimi kilichonivuta si matokeo hayo, ni namna walivyofanya: vikundi vidogo, vinavyokutana kwa muda mrefu, na kazi halisi mikononi. Si Jumamosi sita na fulana. Tate ya Uingereza nayo tangu 2018 huwauzia vijana wa miaka 16 hadi 25 tiketi za maonyesho kwa pauni 5. Vizuri. Ila bei ni geti moja tu kati ya mengi, na sisi kiingilio chetu kilikuwa bure tangu siku ya kwanza, na bado walikuwa hawaingii.

Niliwapeleka pia Nafasi Art Space, Mikocheni, wasanii wanakofanyia kazi kwenye makontena. Walichokipenda zaidi ni kumkuta mchoraji anaosha brashi bombani huku analalamikia bei ya rangi. Walirudi na pendekezo nisilolitegemea: wapewe ukuta na hela, na sisi tutoke chumbani.

Mkurugenzi alitoa ukuta mmoja, wa nyuma, karibu na vyoo, na shilingi laki sita. Wakafanya mambo mawili. La kwanza, wakasema maonyesho yatafunguliwa Jumapili saa nane mchana. Sisi Jumapili tulikuwa tunafunga. "Siku ambayo watu wana nafasi ndiyo nyinyi mnafunga," alisema kijana wa bodaboda, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mzee miwani iliyo kichwani pake. La pili, wakakusanya kazi kumi na moja kutoka mitaani kwao, na kumi zilikuwa za wavulana.

Hili nalisema kwa sababu wako watakaosoma hapa wadhani kijana ni dawa ya kila kitu. Vijana nao wana mageti yao. Waliita marafiki, marafiki wakaita marafiki, na wote walikuwa wanakutana kijiweni saa mbili usiku, saa ambayo binti wa Temeke hatoki nyumbani. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya ukuta akahesabu, kama alivyohesabu magari. Hakupiga kelele. Alisema atakuja na zake nane Jumapili ijayo, na kumi zile wachague zipi zitoke. Walinuna. Zikatoka tano.

Siku ya ufunguzi walikuja watu wengi kuliko viti. Wazazi walivaa kama wanakwenda harusini. Mama mmoja alivua viatu mlangoni. Nilitaka kumwambia si lazima, binti yake akanishika mkono, nikanyamaza. Mlinzi wetu alikaa mezani kwenye vinyago zamu nzima, akiwaambia watu wahesabu vichwa na kuwakatalia jibu. Kumi na vitatu? Rudia.

Mwezi uliopita kampuni ya ulinzi ilimhamishia kwenye lindo lingine, ghala la saruji huko Vingunguti. Hatukuarifiwa. Jumamosi nilifika nikiwa nimechelewa, nikawakuta kamati nzima kwenye ukingo wa mtaro, mihogo kwenye gazeti, na getini kijana mgeni mwenye sare mpya, kola bado ina mkunjo wa dukani.

"Mnakwenda kufanya nini ndani?" alikuwa anauliza.

Nikafungua mdomo kujitambulisha kwa cheo changu. Binti wa cherehani alinitangulia. Alimsalimia, akamuuliza ametokea wapi, ameshakunywa chai, na kama amekwishaonyeshwa soketi ilipo.

"Soketi gani?"

"Njoo," akamwambia. "Iko karibu na mama mmoja hivi."